Kuingia Mwanza kwa Njia ya Maji: Daftari Kwanza, Boti Baadaye



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwa kikao cha kamati katika mtaa mmoja ulioko kando ya ziwa, upande wa Geita. Siku hiyo kwaya ya mtaa ilikuwa imekwenda Mwanza kwa mtumbwi wa injini, na ilitarajiwa kurudi kabla ya magharibi. Jua lilizama, mtumbwi haukuonekana. Saa mbili usiku mama mmoja alimfuata mwinjilisti akauliza kama binti yake alikuwa miongoni mwa waliosafiri, maana asubuhi alimuaga kwamba anakwenda kwa shangazi yake. Mwinjilisti hakujua. Tulipoulizana, mmoja alisema walipanda watu 22. Mwingine alisema 27. Wa tatu alisema wengine walikusudia kulala Mwanza kwa ndugu zao, hivyo wanaorudi ni wachache. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye ndiye pekee angeweza kutujibu, alikuwa huko huko majini.

Mtumbwi ulifika saa tano usiku, injini ikiwa imekufa, ukivutwa na wavuvi waliowakuta wakielea. Tuliwamulika kwa tochi wakishuka mmoja mmoja, na mzee wa kanisa akawahesabu kwa sauti. Walikuwa 31. Binti wa yule mama alikuwa wa 19. Hakuna hata mmoja wetu pale mwaloni aliyekuwa ametaja idadi iliyo sahihi.

Tulimshukuru Mungu, tukaenda kulala. Lakini swali la mama yule limebaki nami, na ndiyo sababu ya makala hii. Washarika wetu wengi wa Geita na vijiji vya kando ya ziwa huingia katika jiji la Mwanza kwa njia ya maji, kwa matibabu, biashara, masomo na shughuli za kanisa. Nitaeleza jinsi safari hiyo inavyokwenda, mahali hatari ilipo, na jambo dogo ambalo kamati yoyote inaweza kulifanya bila kusubiri mfadhili.

JIJI LILILOZUNGUKWA NA MAJI NA MIAMBA

Ukitazama ramani, Geita na Mwanza zinaonekana kama majirani. Tatizo ni kwamba kati yao kuna Ghuba ya Mwanza, ulimi mrefu wa maji unaotoka Ziwa Victoria na kuingia nchi kavu kuelekea kusini kwa takribani kilomita 60. Jiji limejengwa kwenye ukingo wa mashariki wa ghuba. Sengerema iko ukingo wa magharibi, na Geita iko mbele yake. Asiyetaka kuvuka maji hulazimika kuzunguka kupitia Kahama na Shinyanga, safari ya kutwa nzima.

Washarika wa Shinyanga hawana shida hiyo wanapokwenda Mwanza, kwa kuwa barabara yao hupita Misungwi na Usagara bila kuvuka ziwa. Ila wakitaka kwenda Sengerema, au kupita upande huo kuelekea Geita, Chato na Bukoba, nao hukutana na ghuba hiyo hiyo.

Jiji lenyewe nalo lina sura yake. Mwanza huitwa Jiji la Miamba kwa sababu vilima vya mawe vimejaa kila upande, na nyumba zimepanda hadi juu. Vilima hivyo huacha nafasi chache za barabara kuu. Kuna barabara ya kutoka Shinyanga inayoingia kupitia Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni. Kuna barabara ya kutoka Musoma inayopita Igoma. Kuna pia barabara ya uwanja wa ndege inayopita Kirumba, Pasiansi na Ilemela. Zote tatu hukutana katikati ya mji, na daladala, malori na bodaboda hubanana hapo. Kwa upande wa maji hakuna kilima wala foleni. Ndiyo maana tangu zamani watu wa mialo ya ng'ambo wameiona ghuba kuwa barabara yao ya nne.

NJIA TATU ZA KUVUKA

Njia ya kwanza ni Kigongo na Busisi. Kigongo iko wilaya ya Misungwi, Busisi iko wilaya ya Sengerema. Kwa miaka mingi magari na abiria walivushwa hapo kwa vivuko vya serikali chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), vikiwamo MV Mwanza na MV Misungwi. Wengi wetu tunakumbuka utaratibu ule: abiria wote mnashuka kwenye basi, mnatembea kwa miguu hadi ghatini, mnasubiri, mnavuka, kisha mnalitafuta basi lenu upande wa pili. Kusubiri kulichukua muda mrefu kuliko kuvuka, hasa kivuko kimoja kilipoharibika au gugumaji lilipojaa ghatini.

Hali hiyo imebadilika. Ujenzi wa daraja ulizinduliwa Desemba 2019 na Rais John Pombe Magufuli, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua. Daraja hilo lenye urefu wa takriban kilomita 3, na ambalo sasa linaitwa Daraja la J. P. Magufuli, huvukwa na gari kwa dakika chache, usiku na mchana. Kwa mgonjwa anayetoka Geita kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, hii ni neema kubwa.

Njia ya pili ni Kamanga. Hapa kuna kivuko cha kampuni binafsi kinachotoka Kamanga, upande wa Sengerema, na kutia nanga katikati ya jiji la Mwanza. Anayepita darajani huingia jijini kutoka kusini, hushukia stendi ya Nyegezi, kisha hutafuta daladala ya kwenda mjini. Anayepita Kamanga akishuka kivukoni tayari yuko mjini, karibu na masoko, benki na ofisi, na Bugando haiko mbali. Hii ndiyo safari ya maji inayofanana zaidi na daladala: ina mahali maalumu pa kupandia, ina tiketi, na chombo hicho hicho huenda na kurudi siku nzima.

Njia ya tatu ni mialo midogo. Hapa ndipo penye mitumbwi ya injini na boti za mbao zinazotoka visiwani na vijijini na kuleta watu, dagaa, mkaa, ndizi na mbuzi hadi mialo ya jijini, kama vile Mwaloni Kirumba penye soko kubwa la samaki. Safari nyingine haziingii jijini moja kwa moja, bali huunganisha kisiwa na kijiji chenye barabara, kisha msafiri hupanda gari. Serikali imeweka vivuko katika baadhi ya maeneo hayo, kwa mfano kati ya Nyakaliro na kisiwa cha Kome, na kati ya Chato na Nkome iliyoko upande wa Geita. Pale ambapo kivuko hakifiki, au kimekwisha ondoka, mtu hupanda mtumbwi uliopo.

Daraja limewasaidia sana wanaosafiri kwa gari. Lakini mwanakijiji wa kisiwani, au wa mwalo ambao barabara yake haipitiki wakati wa mvua, hajapata daraja. Yeye bado yuko kwenye njia ya tatu, na wengi wa hao ni washarika wetu.

WENZETU WANAOSAFIRI KWA MFEREJI

Wapo watu duniani ambao hutembea ndani ya jiji kubwa kwa boti kila siku, kama sisi tunavyopanda daladala. Mfano mmoja ni Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Zamani mji huo ulikuwa na mifereji mingi iliyotumika kama barabara, na mingi kati yake ilifukiwa baadaye ili kupisha magari. Mmoja uliobaki, unaoitwa Saen Saep, ulichimbwa katika miaka ya 1830, na tangu mwaka 1990 una boti ndefu za abiria zinazosimama kituo hadi kituo kwa kilomita zipatazo 18. Kondakta hutembea kwenye ukingo wa nje wa boti akikusanya nauli huku amevaa kofia ngumu, kwa sababu madaraja ni mafupi. Abiria wa pembeni huvuta kamba kupandisha turubai la plastiki ili wasirushiwe maji machafu. Wafanyakazi huchagua boti hizo kwa sababu juu, barabarani, kuna foleni.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu huwa naulizwa: kama wao wanaweza, kwa nini Mwanza isiwe na boti za namna hiyo kutoka Luchelele hadi Kirumba, na kwa nini dayosisi isianze na moja? Jibu langu ni kwamba tutazame kinachofanya boti zile zifanye kazi. Mfereji ni mwembamba, hauna mawimbi ya ziwa, na ukuta uko karibu pande zote mbili. Kuna vituo vilivyojengwa, njia moja isiyobadilika, na wafanyakazi wanaofanya kazi hiyo kila siku. Boti yenyewe ni sehemu ndogo tu ya huduma hiyo. Ghuba yetu ni ziwa, tena ni sehemu ya ziwa lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800. Chombo kinachofaa mferejini hakifai hapa, na chombo kinachofaa hapa bado hakitoshi bila utaratibu.

KWA NINI CHOMBO HUPINDUKA

Watu wengi hudhani chombo huzama kwa sababu ya kutoboka au kwa sababu ya dhoruba kubwa. Hayo hutokea. Lakini mara nyingi chanzo ni uzito, na jinsi uzito huo ulivyokaa.

Fikiria baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Magunia yakifungwa chini, pande zote mbili, unaweza kuiendesha. Ukiyapandisha yote juu ya kiti, baiskeli itakuangusha ukigeuka kidogo tu, ingawa uzito ni ule ule. Chombo cha majini kiko hivyo. Mizigo ikiwa chini na watu wameketi, kikiyumba kinarudi. Watu wakisimama, au magunia yakipangwa juu, kikiyumba kinaendelea kulala.

Jambo la pili ni ukingo. Kila mtu anayeongezeka hushusha chombo majini, na ule umbali kati ya maji na ukingo unapungua. Ukiwa mkubwa, wimbi hupiga ubao na kurudi. Ukibaki kiganja kimoja, wimbi dogo tu huingia ndani. Maji yaliyoingia hayakai mahali pamoja, hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito.

Jambo la tatu ni sisi abiria wenyewe. Chombo kinapokaribia mwalo, kila mtu huinuka, huchukua mzigo wake na kusogea upande wa kushukia. Kwa hiyo hatari haiko katikati ya ziwa tu. Iko pia hatua chache kutoka nchi kavu, wakati watu wameshaanza kumshukuru Mungu kwamba wamefika.

MISIBA MIWILI NA SOMO MOJA

Hatuwezi kuzungumzia safari za ziwa hili bila kukumbuka MV Bukoba. Alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996 meli hiyo, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilisajiliwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na idadi inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Kwa nini husemwa "zaidi ya"? Kwa sababu abiria wa madaraja ya juu walikuwa wameandikwa, lakini wale wa daraja la tatu, yaani wenye nauli ndogo, hawakuwa na orodha. Katika makaburi ya Igoma wamelala watu ambao hawakuandikwa popote kuwa walisafiri.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika wilaya ya Ukerewe kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kilikuwa kimebakiza mita chache, zinazokadiriwa kuwa 50, kufika ghatini. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni watu 228, na waliookolewa ni 41. Ukijumlisha unapata watu 269, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wa chombo. Hata hivyo, katika siku zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni watu wangapi walipanda. Hesabu ilipatikana baadaye kwa kuhesabu miili na walionusurika.

Somo ninaloliona katika misiba hii yote miwili ni kuhesabu. Mtu akihesabu watu wakipanda, hufika mahali akasema, "Imetosha, wengine mtasubiri." Asipohesabu hana mahali pa kusimama, kwa sababu kila anayekuja ni mmoja tu, na mmoja haonekani kuwa mzigo. Aidha, orodha ikiwepo nchi kavu, waokoaji wanajua watafute wangapi, na mama anayekuja usiku kuuliza habari za binti yake hupata jibu.

UPEPO WA ZIWA NA SAA ZAKE

Jambo jingine la kuzingatia ni saa ya kusafiri. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa, lakini maji hubaki na joto lake. Hewa ya juu ya ziwa hupanda, upepo wa kutoka nchi kavu pande zote hukutana huko katikati, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku na kuendelea hadi asubuhi, hasa katika miezi ya mvua.

Mtu anayeondoka Mwanza jioni kwa mtumbwi mdogo akitegemea kufika usiku, anaingia ziwani saa ile ile ziwa linapoanza kubadilika. Giza nalo huzuia kuona wimbi, nyavu na mitumbwi mingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, na redio huutangaza. Wavuvi wazee wa mwaloni nao wana macho yao. Kamati isikilize wote wawili.

KAMATI IFANYE NINI

Mambo yafuatayo yanaweza kuanza Jumapili ijayo.

1. Kuwe na daftari la safari. Kila safari ya usharika inayopita majini iandikwe: majina ya wote, umri wa watoto, simu ya ndugu mmoja wa kila msafiri, jina la chombo na la nahodha, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa. Nakala moja isafiri na kiongozi. Nyingine ibaki nchi kavu kwa mwinjilisti au mzee wa kanisa. Daftari linalosafiri peke yake litazama pamoja na watu.

2. Hesabuni mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Aliyebaki Mwanza akatwe kwenye orodha, aliyeongezeka aandikwe. Msimruhusu mtu "kudandia" kwa sababu tu anafahamika.

3. Ulizeni uwezo wa chombo. Vyombo vya abiria hukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na cheti huonyesha idadi ya watu wanaoruhusiwa. Nahodha asiye na cheti, au anayekasirika mkimwuliza, amekwisha wajibu.

4. Jaketi za kujiokolea zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa. Jaketi lililowekwa chini ya ubao halimsaidii mtu, kwa kuwa chombo kikipinduka hakuna nafasi ya kulitafuta. Watoto wavae za saizi yao. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini.

5. Wekeni fedha ya kulala katika bajeti. Hili ni fundisho langu mwenyewe. Nilipochunguza kwa nini ile kwaya iliondoka Mwanza kwa kuchelewa, niligundua kwamba shughuli ilichukua muda kuliko ilivyopangwa, na hawakuwa na fedha ya kulala wala chakula cha usiku. Bajeti niliyoipitisha mimi ofisini ilikuwa na nauli tu. Tulibana fedha kidogo, tukawaweka watu 31 ziwani usiku.

6. Mchagueni mapema mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Awe mzee wa kanisa au mama anayeheshimika, na akisema "hatuondoki", hata mchungaji aliyealikwa kuhubiri ng'ambo akubali.

7. Wagonjwa wapangiwe njia. Aliyelazwa na asiyeweza kuketi apitie darajani kwa gari. Anayetembea mwenyewe na anakwenda kliniki anaweza kupita Kamanga. Mama mjamzito wa kisiwani asisubiri siku za mwisho. Kamati imsaidie kuvuka mapema, mchana, na kumtafutia mahali pa kukaa karibu na hospitali.

NENO KWA WAFADHILI

Marafiki wapendwa, katika ofisi ya miradi tumekuwa tukipokea maombi ya boti kutoka mitaa ya kando ya ziwa. Ninaielewa haja hiyo, na siidharau. Boti mpya hupigwa picha vizuri na huonekana katika taarifa. Lakini naomba tufikiri pamoja juu ya mwaka wa pili. Mafuta yatalipwa na nani? Injini ikifa, fundi na vipuri vitatoka wapi? Nahodha aliyefundishwa atalipwa mshahara gani ili asiende kutafuta riziki kwenye uvuvi au machimboni? Nani atalipia ukaguzi wa kila mara? Boti isiyo na majibu hayo hugeuka kuwa ya yeyote anayeweza kununua mafuta. Hubeba mkaa juma zima na kwaya siku ya Jumapili, na jina la kanisa limeandikwa ubavuni.

Hivyo basi, pendekezo letu ni kwenda kwa hatua. Kwanza jaketi, zikiwamo za watoto, zinazotunzwa usharikani na kuazimwa na kundi lolote la usharika linalosafiri. Pili mafunzo kwa wazee wa kanisa, viongozi wa kwaya na vijana kuhusu kuhesabu, kuketi, na la kufanya chombo kikizima injini, kwa kushirikiana na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vya mialoni. Tatu mfuko mdogo wa malazi kwa wagonjwa na vikundi vinavyochelewa Mwanza. Usharika utakaoonyesha daftari la safari lililotunzwa kwa mwaka mzima, huo utakuwa na hoja nzuri wa kuzungumzia boti. Najua hatua hizi hazitoi picha nzuri. Tunaomba mtuamini hivyo hivyo.

HESABU YA PAULO

Nimalizie kwa Maandiko. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma habari za Paulo akiwa mfungwa katika merikebu iliyopatwa na dhoruba. Alikuwa amewaonya wasiondoke kwa kuwa majira ya hatari yalikuwa yamefika, lakini waliwasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Merikebu ilivunjika, ila watu wote walifika nchi kavu salama. Mwandishi hakuishia kusema "watu wengi". Alitaja idadi kamili ya waliokuwa ndani: 276.

Kabla ya kuokolewa walikuwa wamehesabiwa wote, wafungwa pamoja na askari. Usiku ule mwaloni, sisi hatukuweza kusema kama tunawasubiri 22 au 31. Siku hizi mtaa ule una daftari lenye jalada gumu, na hukaa nyumbani kwa mwinjilisti. Mara ya mwisho nilipopita hapo nililifungua. Safari ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa ya akina mama waliokwenda Mwanza: majina 14, na mbele ya kila jina alama ya vema kwa kwenda na nyingine kwa kurudi. Jina moja lilikuwa na alama moja tu, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Amebaki Bugando kumwuguza mtoto. Atarudi Alhamisi, kwa gari."

Mungu awabariki, na awalinde wote wanaosafiri majini.